Udongo wa Kujazia

Mwanamke alikuwa amekita kigingi katikati ya ua, akafunga kamba, na sasa alikuwa akizunguka kinyumenyume huku kopo la majivu likimwagika polepole mkononi mwake. Mstari wa kijivu ulimfuata. Alipofika pale alipoanzia, ncha mbili za mstari zilikutana barabara. Akajishika kiuno, akaitazama kazi yake, akacheka peke yake. Alikuwa fundi cherehani, na sketi pana alizokata maishani zilikuwa zimemfunza duara kiasi kwamba lau ua ule ungekuwa kitambaa, angeumaliza kabla ya chakula cha mchana.

Dirishani, nyuma ya pazia lililoshonwa na mikono ile ile, mumewe alikuwa akimchungulia.

Mtaani walimwita Tangi. Jina hilo alilipata kwa kuendesha lori la maji, ingawa wapo waliosema kwamba lingemfaa hata asingekuwa na lori, ukilitazama tumbo lake. Yeye mwenyewe alilicheka jina hilo kuliko wote. Alikuwa mtu wa kupiga honi kila kona, wa kujua nani kaoa na nani kaachwa, wa kwenda dukani kununua kiberiti akarudi jua limeshageuka. Mtu huyo sasa alikuwa hatoki chumbani. Tangu lori lilipopinduka likambana, akalazwa, kisha akarudishwa nyumbani na magongo mawili, majirani walikuwa hawajamwona zaidi ya kivuli chake kwenye pazia. Kwa hesabu za hospitali, mguu wa kulia ulikuwa umepona: mfupa umeunga, kidonda kimefunga. Lakini ulikuwa umenyauka, makovu yamevutana kutoka pajani mpaka chini ya goti, na goti lenyewe lilikuwa limekaza kama mlango uliovimba kwa mvua.

Daktari wa viungo, mwanamke asiyejua kupaka maneno sukari, alikuwa amemweleza mbele ya mkewe.

"Mzee wangu, goti hili bado linasikia. Ukiliacha hivi hivi mpaka mwisho wa mwaka, halitasikia tena. Utatembea nalo kama mtu aliyebeba ubao."

"Sasa tulifanye nini?" mke akauliza.

"Atembee ndani ya maji. Maji yatambeba mwili, mguu utapata nafasi ya kujifunza upya."

Lilikuwapo bwawa la kuogelea la watu wote, wala si mbali. Tangi alikataa katakata. Avue nguo mbele za watu, na mguu ule wa kuku? Afadhali abaki na ubao wake. Mkewe akabembeleza, akanuna, akabembeleza tena, bila kufua dafu. Mwishowe binti yao aliyekuwa akifanya kazi mbali alikata shauri. Akanunua bwawa la kusimamisha juu ya ardhi, turubai nene pamoja na vyuma vyake, likaletwa mpaka mlangoni ndani ya boksi kubwa kama kabati. Baba mtu aliliona boksi lile kupitia dirishani. Udhuru wake wa mwisho ulikuwa umekwisha.

Kilichobaki kilikuwa ardhi. Bwawa la namna ile halina shimo la kuliegemeza. Husimama kwa miguu yake, na hutaka pahali palipo sawa kama meza. Ua wao haukuwa hivyo. Ulishuka kutoka ukuta wa jikoni mpaka kwenye uzio wa mabati upande wa chini, mteremko mdogo ambao mtu hauoni mpaka ndoo ya maji imwagike. Mke alitaka kuita vibarua. Mume akasema hataki watu waingie wakaanza kumchungulia.

"Hutaki watu?" mke akasema, akifunga kanga kiunoni. "Haya. Nitachimba mimi."

Basi akaanza, na alianza vizuri. Aling'oa majani na mizizi, akaokota vijiwe kimoja kimoja kama mtu anayechambua mchele, akachora duara lake. Kisha alisimama muda mrefu akitazama upande wa juu, akatazama upande wa chini, akafikiri kama fundi cherehani. Kitambaa kikipungua, huongezewa kiraka. Lakini ukishakikata umekikata, hakuna dua ya kukirudisha. Maisha yake yote alikuwa ameogopa mkasi kuliko sindano. Nyuma ya nyumba ya jirani palikuwa na lundo la udongo uliobaki kwenye msingi, naye aliruhusiwa kuuchukua. Akajaza karai, akalibeba kichwani, akaja akalimwaga upande wa chini.

Dirishani, Tangi alifumbua mdomo.

Alijua. Hakuhitaji kufikiri. Dereva wa lori la maji huijua ardhi kwa matako yake, kabla hata macho hayajaiona. Udongo uliolala mahali pake tangu dunia iumbwe hubeba mzigo. Udongo wa kujazia, hata ukanyagwe na jeshi zima, hungoja tu siku ya uzito. Na maji ni mazito kuliko watu wanavyodhani, tena hayana adabu: yakiona upande umelegea kidogo, yote hukimbilia huko huko. Miguu ya bwawa ingezama upande wa chini, turubai lingelemewa, vyuma vingepinda, na bwawa zima lingepasuka.

Tena alijua kwa mwili wake. Siku ile ya ajali, msimamizi wa eneo la ujenzi alimpungia mkono akamwambia, "Pita tu, pameshindiliwa." Hapakuwa pameshindiliwa. Gurudumu la nyuma lilizama taratibu, taratibu kabisa, akapata hata muda wa kusema "ah," kisha maji yote yakahamia upande mmoja.

Alifumbua mdomo ili aite, halafu wazo likaja likamkalia kitako. Bwawa likipasuka, mambo yameisha. Hakuna atakayelaumiwa. Binti atasikitika, daktari atatikisa kichwa, mke atalia kidogo kisha atazoea. Na yeye ataachwa na chumba chake. Tangi alifumba mdomo. Aliona haya, lakini aliona na nafuu pia, na nafuu ilikuwa kubwa zaidi.

Mchana mkewe aliingia na sahani mbili, udongo ukiwa umemganda mpaka kwenye nyusi. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akala mafunda mawili matatu, kisha akamgeukia.

"Hebu nambie wewe. Umezunguka na maji miaka yote hiyo. Unaionaje kazi yangu?"

Tangi alitafuna. Alitafuna kitu ambacho kilikuwa kimekwisha lainika zamani.

"Naona unajitahidi," akasema.

Uso wa mwanamke ulichanua. Tangu arudi hospitalini, mume huyu alikuwa hajamsifu kwa lolote, hajamtania, hajamwita hata lile jina la "Fundi" alilozoea kumwita kwa mapenzi. Akainuka, akaenda kwenye cherehani pembeni, akarudi na bukta ya kitambaa chepesi cha buluu.

"Nilitaka iwe siri mpaka siku yenyewe. Lakini basi, itazame."

Aliitazama. Ilikuwa ndefu, ya kufika chini ya goti, ili makovu yasionekane. Mshono wake ulikuwa safi. Halafu akaona kwamba mguu mmoja wa bukta ulikuwa mwembamba kuliko mwingine.

"Umenipima lini?"

"Ulipokuwa umelala."

"Ukapima na mguu huu."

"Ningekushonea sawa kwa sawa, maji yangeingia upande huo ikavimba kama puto. Nimefanya hivyo ili ikushike..."

"Itoe machoni pangu."

Aliikunja mara moja, mara mbili, akairudisha kwenye cherehani. Akachukua sahani zote mbili akatoka. Baada ya muda sauti ya karai ilisikika tena, udongo ukimwagwa, karai jingine, udongo ukimwagwa. Tangi akajilaza akiutazama ukuta. Alijiambia kwamba ana haki ya kukasirika. Mtu mzima hapimwi usingizini kama maiti. Alijiambia hivyo mara nyingi sana, na kila mara neno hilo lilipungua ladha.

Kazi ya kujaza iliendelea. Mwanamke alimwagia maji udongo wake, akaukanyaga kwa nyayo, akaushindilia kwa kipande cha gogo mpaka viganja vikatoka malengelenge. Akaazima ubao mrefu na pima maji kwa fundi mwashi wa nyumba ya tatu, akavilaza huku na huku ndani ya duara, akiinama na kuinuka. Mwishoni kile kiputo cha pima maji kilikaa katikati ya mistari yake miwili kila alipokiweka. Mwanamke alipiga vigelegele, peke yake, katikati ya ua. Tangi alivisikia vile vigelegele akiwa amekaa kitandani, akafunika uso kwa mto.

Pima maji haikusema uongo, ndiyo iliyokuwa shida. Ardhi ile ilikuwa sawa. Ilikuwa sawa kwa siku hiyo, ikiwa tupu.

Aliyeleta habari za maji ni dada yake Tangi, ambaye mtaa ulimwita Redio kwa sababu huna haja ya kumfungulia. Aliingia akiwa ameshaanza kusema tangu nje ya lango.

"Wifi! Umetengeneza ua au sakafu ya msikiti? Wallahi ningekuwa mwanamume ningekuposa. Sasa sikilizeni, nimepita pale kwenye ofisi ya malori, nimewaambia wenzake kaka. Kesho asubuhi wanaleta maji, lori zima, bure! Wanasema ni zawadi yao kwa Tangi. Wamemkumbuka mno." Akapaza sauti kuelekea dirishani. "Kaka! Unasikia? Wenzio wanakuja kesho! Utoke uwaone! Mficha maradhi kifo humuumbua!"

"Nimesikia," Tangi akajibu kutoka ndani. "Na nyumba ya kumi nao wamesikia."

Redio alicheka, akapita huku na huku akikanyaga duara kwa kisigino na kusifu, kisha akaenda zake kuutangazia upande wa pili wa mtaa.

Ua ukanyamaza. Jua lilikuwa limeanza kulegea, na mwanga ulianguka kimshazari juu ya ule udongo uliosawazishwa. Tangi alirudi dirishani. Alikuwa akifikiria lori la kesho. Alikuwa akijipangia atakavyolala akigeukia ukuta, atakavyosema ana homa, atakavyousikia ule mpasuko akiwa kitandani na kuuliza, "Kuna nini?" Alikuwa amefika hapo alipomwona mkewe.

Alikuwa amevua ndara akasimama katikati ya duara. Aligeuka kutazama lango, akahakikisha limefungwa. Kisha akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, kama mtu aliyeshika mikono ya mwingine, akaanza kwenda kinyumenyume. Alikwenda polepole sana. Hatua moja, akangoja. Hatua nyingine, akangoja. Midomo yake ilikuwa ikicheza, na Tangi aliweza kusoma maneno kutoka pale alipokuwa: haya, taratibu, nipo, nipo. Mwanamke huyu aliogopa maji. Katika ndoa yao yote hakuwahi kuingia kwenye maji yaliyopita goti, na walipokuwa vijana Tangi alimtania kwamba anaoga kwa kujinyunyizia kama kuku. Sasa alikuwa akijifunza namna ya kumvusha mumewe ndani ya maji yatakayomfika kifuani, na alikuwa akijifunza kwenye udongo mkavu kwa sababu hapakuwa na pengine pa kujifunzia. Mara moja alijikwaa, akashtuka, akaishika ile mikono isiyokuwapo kwa nguvu zaidi ili isianguke.

Alirudi nyuma, akarudi nyuma, mpaka akafika upande wa chini. Pale, juu ya ule udongo wa kujazia, mgongo ukiyaelekea mabati, akasimama akapumua.

Tangi aliyaona maji yote yakihamia upande ule.

Hakujua alivyoyashika magongo. Alijikuta ukumbini, akajikuta jikoni, mlango wa uani ukiwa umekwama na yeye akiusukuma kwa bega. Mwanga ulimpiga usoni akafumba macho. Alikuwa na fulana iliyotoboka na bukta fupi ya kulalia, na mguu wake ulikuwa nje, wote, na makovu yake yote.

"Toka hapo!"

Mwanamke aligutuka akashusha mikono haraka, kama aliyefumaniwa akiiba.

"Umetoka," akasema. Mkono ulimwenda mdomoni.

"Toka hapo, nakwambia. Huo udongo hautashika. Ukiwekewa maji utazama, bwawa litapasuka, na litapasukia hapo hapo uliposimama."

Alitazama chini, kisha akamtazama mumewe. "Lakini pima maji..."

"Pima maji haijui mzigo. Hapa pa chini hapajazwi. Hukatwa pale pa juu mpaka pakutane na pa chini. Ardhi ya kuweka maji haiongezewi, mama. Hupunguzwa tu."

Alikuwa ameegemea fremu ya mlango, anahema. Mwanamke alitazama upande wa juu, kisha wa chini, akili yake ikienda na kurudi. Alikuwa mwepesi wa hesabu, na Tangi aliiona hesabu ikikamilika usoni pake kabla hajafungua mdomo.

"Umelijua hili lini?"

Angeweza kusema sasa hivi. Angeweza kusema jana. Alikuwa dereva, na madereva hawakosi uongo wa kuwavusha kizuizi.

"Tangu karai la kwanza."

"Na mchana ule nilipokuuliza?"

"Nilijua."

"Ukaniambia najitahidi."

"Nilitaka lipasuke," Tangi akasema. "Nilitaka lipasuke ili nisiingie. Sikukufikiria wewe utakuwa umesimama wapi. Nilijifikiria mimi."

Alingoja amtukane. Alitamani amtukane. Mkewe alivitazama viganja vyake, malengelenge yaliyopasuka na yale ambayo bado, akavipangusa kwenye kanga kwa uangalifu. Kisha akaliendea jembe lililoegemezwa ukutani, akarudi nalo upande wa chini, akaanza kuutoa ule udongo. Alipiga jembe bila kuinua kichwa. Alikuwa analia, nalo jembe halikupunguza mwendo.

Tangi alisimama pale mlangoni. Chumba kilikuwa nyuma yake, na kitanda chake kilikuwa bado na joto. Sepetu fupi lilikuwa limelala upande wa juu, karibu na ukuta wa jikoni, pale ambapo ardhi ilikuwa bado haijaguswa. Aliliendea kwa magongo, hatua kwa hatua, mpaka akalifikia. Hakuweza kuinama. Akayaachia magongo yakaanguka, akauegemea ukuta, akateleza nao chini, akakaa kitako kwa kishindo kilichomtoa machozi. Mguu ulibaki mbele yake, umepinda ovyo. Akalivuta sepetu, akaanza kukwangua ardhi ya juu akiwa amekaa, kipande kidogo kidogo. Ilikuwa ngumu. Ilikuwa ardhi ya kweli.

Waliendelea hivyo, kila mmoja upande wake, mpaka lango likalia.

"Wifi, nimesahau kukwambia, wale wenzake kaka wanauliza..." Redio akakwama. Kaka yake alikuwa chini, vumbi mpaka masikioni, mguu wake umelala mchana kweupe. Kanga ya mkewe ilikuwa imeanikwa karibu, angeweza kuivuta akajifunika. Mkono wake uliinuka kidogo, kisha ukarudi kwenye sepetu. Na kwa mara ya kwanza tangu mtaa ule uijue, Redio ilizimika yenyewe.

Alimtazama kaka yake. Akautazama mguu.

"Ndio huo?" akauliza hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Ndio huu."

"Mbona nilidhani ni mbaya zaidi." Akavuta pumzi, akafuta macho kwa upindo wa kanga, kisha akaupata tena moto wake. "Miezi yote hii umetunyima uso wako kwa ajili ya huo? Mimi nina magoti mabaya kuliko hayo, na bado nacheza harusini!"

"Waambie wenzangu lori lisije kesho," Tangi akasema.

Mkewe aliacha kulima. Hakugeuka, lakini jembe lilisimama hewani.

"Lisije?" Redio akauliza.

"Waje wao. Wote. Waje na majembe. Kuna ardhi hapa inataka kukatwa, na mimi na huyu hatuwezi peke yetu." Akakung'uta vumbi mkononi. "Waambie Tangi yupo uani, anawasubiri."

Redio alitoka mbio, na sauti yake ikaanza kusikika kabla lango halijajifunga.

Jembe lilishuka tena. Lilipiga mara kadhaa, kisha likanyamaza. Tangi alisikia nyayo zikija kutoka upande wa chini, zikivuka ule mstari wa majivu, zikivuka kigingi, mpaka kivuli cha mkewe kikamwangukia. Hakuthubutu kumtazama usoni. Aliziona ndara alizokuwa amezivaa tena, udongo wa kujazia ukizitoka pembeni.

"Umeukalia vibaya huo mguu," mwanamke akasema. Sauti yake ilikuwa kavu, haikuwa imesamehe kitu. "Unyooshe."

Akaunyoosha. Mkewe akachuchumaa, akapitisha mkono wake mchafu chini ya goti lile, kwa mwingine akakishika kifundo cha mguu.

"Sasa kunja."

"Linauma, mama."

"Najua linauma. Kunja."